Jumanne Iliyorukwa

Siku ile ilikwenda wapi? Hilo ndilo swali, na mimi ninayesimulia sina haraka ya kulijibu, maana waliolijibu kwa haraka ndio waliotufikisha hapa. Mtu akipoteza ng'ombe hufuata kwato. Akipoteza pete hufagia nyumba. Akipoteza siku nzima, tangu jogoo wa kwanza mpaka taa ya mwisho, atafuata nini, atafagia wapi? Ketura alikuwa na miaka arobaini na tisa kabla hajajua kwamba ameibiwa siku, na alipojua, mkononi alikuwa ameshika shoka.

Lo, nimeanza mkiani. Ngoja nishike kichwa.

Palikuwa na bonde lililoitwa Baada. Ndani ya Baada kulikuwa na nyumba nne nyeupe, shamba la matufaha, ghala la mbegu, karakana ya mifagio, na ukuta wa mawe wenye lango moja. Ng'ambo ya lango waliishi watu wa Kabla. Ndivyo walivyoitwa wote waliobaki nje, wawe matajiri au wachunga mbuzi, kwa sababu hawakuwa na habari kwamba ulimwengu umekwisha. Watu wa Baada walikuwa na habari. Ulimwengu uliisha siku ya Jumanne, kama alivyotabiri Baba Elkana, mwanzilishi wao, ambaye alikuwa fundi saa kabla ya kuwa nabii. Uliisha wafuasi wake wakiwa wamelala mlimani, wamevaa kanzu nyeupe, na walipoamka ilikuwa Jumatano na kila kitu kilikuwa kipya. Kila mtoto wa Baada alifundishwa hivyo kabla hajajua kufunga viatu. Matufaha ya ulimwengu mpya yalikuwa na wadudu wale wale wa ulimwengu wa zamani, na watu waliendelea kuumwa meno, lakini nani angeuliza? Ukishaambiwa uko peponi, unaona haya kulalamikia jino.

Na usinielewe vibaya. Walikuwa watu wema. Hakuna aliyelala njaa Baada. Hakuna aliyekuwa na shamba lake, wala koti lake, wala mume wake wa kumringia mwenzake. Kila mmoja alikuwa na kiti kimoja, na kila kiti kilikuwa na kigingi chake ukutani. Wakimaliza kula walivigeuza viti juu chini na kuvitundika, ili vumbi lisitulie pale anapokaa mtu, na sakafu ibaki tupu, safi, kama hakuna aliyewahi kuishi pale. Ketura ndiye aliyesuka vikalio vya viti vile kwa kanda za kitani. Alijua uzito wa kila mtu kwa jinsi kanda zilivyolegea, na alipojiuliza yeye ni nani, jambo ambalo lilimjia mara nyingi kuliko ilivyoruhusiwa, hakupata jibu jingine ila hili, kwamba mimi ni kigingi cha ishirini na sita, upande wa wanawake, karibu na dirisha. Nikifa kitatundikwa kiti kingine hapo. Basi nilikuwa mimi, au nilikuwa nafasi?

Kitu kimoja hakikuwapo Baada, nacho ni mama. Kiongozi wao, Mama Zipora, ndiye peke yake aliyeitwa hivyo, kwa heshima ya kiti chake. Mwanamke aliyezaa alinyonyesha mpaka mtoto aote meno, kisha mtoto alipelekwa Nyumba ya Watoto na kuwa wa wote. Kuanzia hapo aliyemzaa alikuwa "Dada" kwake, sawa na wengine. Neno "mwanangu" halikutamkwa. Halikuwa tusi, hapana. Lilikuwa kama nguo ya marehemu, ipo sandukuni, haivaliwi.

Ketura mwenyewe hakujua alizaliwa na nani kati ya wale kina dada. Lakini alijua alizaa nani. Alizaa Tirza. Miaka kumi na minane alimtazama akikua upande wa pili wa chumba cha kulia, miguu mirefu, meno ya mbele yenye pengo, na akanyamaza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi wa Baada aliujua bila ruhusa ya kuutaja. Siku moja Tirza alimletea kiti chake kisukwe upya. Ketura alikuwa amepiga magoti, kanda mdomoni, na lile neno la miaka kumi na minane likamtoka pamoja na kanda. "Kiti hiki nakisuka vizuri kuliko vyote," alinong'ona, "kwa sababu wewe nilikuzaa mimi."

Tirza alisimama. Akauliza swali moja tu, "Na ulikuwa ukinitazama wakati wote huo?" Ketura akaitikia kwa kichwa. Kesho yake kigingi cha Tirza kilikuwa na kiti, lakini Tirza hakuwapo.

Miaka mitatu ikapita. Katika mwaka wa tatu, theluji ikikaribia, mchuuzi mmoja wa Kabla aitwaye Amosi, aliyekuwa akija langoni kuchukua mifagio, alimwekea Ketura mzigo mikononi na kusema bila kumtazama, "Bintiyo anakusalimu. Anasema atakuja langoni Jumapili ya kwanza baada ya theluji ya kwanza. Saa sita mchana. Mwende pamoja. Kama hupo, atajua umewachagua hawa, na atapanda gari kwenda magharibi, wala hatarudi tena."

Hapa nitulie kidogo, maana hapa ndipo mtego ulipo. Watu wa Baada walikatazwa kutaja majina ya siku mbele ya watu wa Kabla. Mzigo ukihitajika, mlinzi wa lango alimwambia mchuuzi, "Njoo ukishalala mara saba." Walifundishwa kwamba siku za Baada ni takatifu na hazitiwi katika masikio ya nje. Kwa hiyo Ketura alikuwa hajawahi kusikia jina la siku likitoka katika mdomo wa mtu wa Kabla. Aliposikia "Jumapili" aliidaka kama mtu anavyodaka mkate wa moto. Jumapili ni Jumapili, alidhani. Wewe usingedhani hivyo?

Theluji ikaanguka siku ya Alhamisi. Tangu hapo Ketura hakutulia. Alisuka, akafumua, akasuka. Alionja uji akauacha. Alihesabu ngazi za nyumba nyeupe, akapata kumi na tano, akahesabu tena akapata kumi na nne. Wanasema siku njema huonekana asubuhi, na ile Jumapili ilionekana njema kweli kweli, jua juu ya theluji, moshi ukipanda wima. Wenzake walipokwenda ibada ya mchana, na mlinzi wa lango pamoja nao, yeye alijisingizia kichwa, akaenda langoni na furushi la mabua ya mifagio, ili akiulizwa aseme anachambua mabua.

Saa sita. Barabara nyeupe, tupu.

Atakuja. Ana miguu mirefu, atakuja. Labda theluji ni nzito huko alikolala. Labda saa yake iko nyuma. Labda amenisahau sura na amenipita. Atanipitaje, hapajapita mtu! Labda alikuja mapema. Labda amejificha nyuma ya mti ananitazama, kama nilivyomtazama mimi, miaka kumi na minane bila kusema. Haya, tazama, mama, tazama uone utamu wake.

Saa saba. Saa nane. Mabua yote yalikuwa yamechambuliwa na vidole vilikuwa havina hisia. Kule bondeni gari moja la kuvutwa na farasi lilipita limebeba magunia, likaenda zake, na aliyeliendesha alikuwa akipiga mluzi wa mtu aliye kazini. Ketura aliliona gari hilo. Nataka ukumbuke kwamba aliliona.

Jioni kulikuwa na Kioo. Hiyo ni desturi yao ya kila Jumapili. Mtu mmoja husimama katikati, wengine huketi kumzunguka, na kila mmoja humwambia kasoro yake kwa upole. Anayesimama hajitetei. Mwishoni husema, "Nashukuru kwa kioo." Zamu ilikuwa ya Ketura.

"Dada Ketura, huli," alisema mmoja.

"Dada Ketura, unasuka kiti kimoja kwa siku tatu."

"Dada Ketura, macho yako yanakwenda nje kabla yako," alisema Dorkasi, msichana wa karakana, ambaye hakuwa na nia mbaya, ila ulimi wake haukuwa na breki.

Mama Zipora alisema mwisho. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya kulazia watoto, na sikumbuki kama aliwahi kuipandisha. "Leo ulikwenda langoni. Ulikuwa ukimngoja nani?"

"Nilikuwa nikimngoja Tirza."

"Amekuja?"

"Hakuja."

"Basi Kabla imekujibu, si mimi. Miaka mitatu tumekitunza kiti chake, na leo hakuja. Kesho adhuhuri kitakatwa kuni. Utakikata wewe, ili upone."

"Nashukuru kwa kioo," Ketura akasema.

Na sasa niseme kweli, ingawa haipendezi. Alimaanisha. Alimchukia mtoto wake usiku kucha. Alimchukia kwa kuja duniani, kwa kuleta kiti kisukwe, kwa kutuma ujumbe kisha asije. Aliona afadhali kuwa kigingi cha ishirini na sita, maana kigingi hakina barabara ya kutazama. Kama hujawahi kumchukia unayempenda, endelea kumshukuru Mungu, lakini usinihukumie Ketura.

Jumatatu adhuhuri walikusanyika uani, hamsini na kidogo, pumzi zao zikitoa moshi. Kiti cha Tirza kiliwekwa juu ya theluji, kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu kimesimama kwa miguu yake. Ketura akainua shoka, akapiga. Shoka likateleza kwenye mguu wa kiti na kukata kanda moja ya kitani, ile ya katikati, na kanda ikajikunja yenyewe. Akainua tena.

Ng'ambo ya mlima kengele ikalia.

"Haya, wafu wameamka!" Dorkasi akasema, na vijana wakacheka. Ulikuwa mzaha wa kila Jumatatu. Kengele ile ililetwa na upepo kila juma, na wazee waliwafundisha kwamba watu wa Kabla wanajililia msiba wao wenyewe bila kujua. Ketura aliisikia tangu utotoni. Alifua nguo kwa kengele ile, alizaa kwa kengele ile. Lakini leo mikono yake ilikuwa juu, shoka likiwa juu, na mtu aliyeinua shoka ana muda mwingi ajabu.

"Kwa nini Jumatatu?" akauliza.

"Piga, Dada Ketura," Mama Zipora akasema.

"Nauliza tu. Sisi tunapiga kengele Jumapili, siku ya ibada. Wao kwa nini wapige Jumatatu? Na kwa nini Amosi hapiti ile barabara Jumatatu hata mara moja? Jumatatu hakuna gari linalopita kule. Jana lilipita gari. Mtu anapiga mluzi, amebeba magunia. Siku ya Jumapili?"

Vijana walitazamana. Wazee hawakutazamana, na hilo ndilo lililomshtua. Walitazama chini, wote watatu wa kizazi cha mlimani waliokuwapo uani, kwa pamoja, kama watu walioitwa jina.

"Swali ni mlango wa baridi," Mama Zipora akasema polepole. "Ufunge."

Ketura hakuufunga. Aligeuka na shoka lake akaenda ghala la mbegu, kwa sababu mzee wa nne wa mlimani, Kaka Obadia, alikuwa hawezi tena kusimama kwenye baridi na alishinda humo akichambua mbegu za maboga. Alikuwa mzee mwoga, mpole, aliyeomba radhi hata alipopigwa kikumbo yeye. Alipoliona shoka alishika meza.

"Kaka Obadia, ile Jumanne mliifanyaje?"

"Ipi?"

"Ile moja."

Vidole vya mzee vikasimama juu ya mbegu. "Tuliapa, Ketura."

"Tirza yuko langoni. Au yuko njiani. Au ameshakwenda zake. Niambie leo ni siku gani huko nje, basi, sikuulizi kingine."

Mficha uchi hazai, na Obadia alikuwa ameuficha miaka arobaini na tisa. Akaanza kulia kabla hajaanza kusema.

"Hatukuwa na Jumanne. Tulilala mlimani Jumatatu usiku. Elkana hakulala, alizungukazunguka na ile saa yake. Sisi tuliogopa ulimwengu utaisha, Ketura. Yeye aliogopa hautaisha. Kulipopambazuka akatuamsha, akasema, amkeni, leo ni Jumatano, Jumanne imepita mkiwa usingizini, mmevuka. Tukapiga vigelegele. Tulikuwa tumeuza kila kitu, ungetaka tufanye nini? Mtu mmoja tu ndiye aliyekataa. Alikuwa na mtoto wa miezi mitatu kifuani. Akasema, 'Haiwezekani. Nimemnyonyesha jana jioni. Kama ingekuwa imepita siku nzima, maziwa haya yangenipasua.'"

Ketura alikaa juu ya gunia.

"Ulimwona Elkana alivyomtazama?" Obadia akauliza, kana kwamba Ketura angeweza kukumbuka. "Saa aliweza kuisogeza. Jua, alisema ni jua jipya. Lakini maziwa ya mwanamke yule hakuyaweza. Jioni ile ile akatangaza kwamba katika Baada hakuna mama. Mtoto akachukuliwa."

"Mwanamke yule ni nani?"

"Milka. Wa jikoni."

Dada Milka! Aliyefariki zamani, aliyekuwa na mkono mzito na maneno machache, ambaye kila asubuhi alikwangua sufuria na kumpa Ketura ukoko wa uji, yeye tu, bila kusema kwa nini. Ketura aliula ukoko ule miaka thelathini akidhani ni bahati.

Njia ya mwongo ni fupi, husema wahenga. Ya Elkana ilikuwa ndefu, ilikatiza vifua vya wanawake wawili ikafika hapa. Hata Tirza, alipotoka na kukuta siku zimemgongana, alidhani amepoteza hesabu njiani, akashika ya nje. Na mimi narudi kwenye swali langu, siku ile ilikwenda wapi? Nadhani haikwenda popote. Nadhani ilibaki pale mlimani ikiwangoja, na mwanamke amekaa ndani yake, ana mtoto kifuani, anasema haiwezekani, haiwezekani, na hakuna anayemsikia kwa sababu wote wameshakwenda Jumatano. Mtu anaweza kurukishwa siku. Siku yenyewe hairuki.

"Leo ni Jumapili," Obadia alisema, akijifuta pua kwa mkono. "Huko nje leo ni Jumapili. Kimbia, mtoto wa Milka."

Alikimbia. Mwanamke wa Baada hakimbii, hutembea kwa hatua zilizopimwa, kwa hiyo alikimbia vibaya, sketi imeshikwa mkono mmoja, shoka mkono wa pili, akateleza, akainuka. Obadia hakuwa na saa, lakini jua lilikuwa limeshapita kichwani. Aliokuwa nao uani walimwona akipita, na Mama Zipora akawaambia warudi kazini, wakarudi.

Langoni alisimama Kaka Yabesi, mlinzi, mwenye mvi na mabega mapana. Alilelewa Nyumba ya Watoto miaka ile ile na Ketura, walicheza pamoja.

"Una ruhusa, Dada Ketura?"

"Sina."

"Kiti chako kitashushwa."

"Kishusheni."

Yabesi akafungua lango, akasogea pembeni. Sijui kama ilikuwa huruma au shoka, nawe amua.

Nje ya lango theluji ilikuwa imekanyagwa duara, nyayo juu ya nyayo, kazi ya mtu aliyesimama saa nyingi akipiga miguu chini ili isigande. Kutoka kwenye duara lile nyayo zilishika barabara. Mbali, karibu na kona, alionekana mtu mmoja mwenye koti jeusi, miguu mirefu, anakwenda.

"Tirza," Ketura akaita.

Haikuwa sauti. Miaka arobaini na tisa alikuwa amesema kwa upole, na koo lake halikujua jambo jingine. Upepo ukaitwaa ile sauti na kuitupa kando. "Dada Tirza!" Hiyo nayo ikaanguka hatua kumi mbele yake. Koti jeusi lilikuwa limefika kona. Ketura akafungua mdomo mara ya tatu, na kilichotoka hakukichagua. Kilitoka mlimani, kutoka asubuhi ile, na kilikuwa kimesubiri.

"Mwanangu!"

Kwanza waliosikia ni wa ndani. Mlango wa karakana ulifunguka na Dorkasi akatokea, mabua yamemganda kwenye nywele, uso mweupe. "Abee?" alisema, kisha akaziba mdomo. Nyuma yake wakatoka wengine, vijana wote wa Nyumba ya Watoto, mmoja mmoja, bila makoti, wakisogea kwenye ukuta wa mawe na kutazama nje, kila mmoja akitaka kujua kama ni yeye. Na pale langoni, Kaka Yabesi, mzee mzima, aliyeshika fimbo ya ulinzi, alikuwa ameitika "Naam" kabla hajajizuia, na sasa alisimama akilia waziwazi, hajui aangalie wapi.

Kwenye kona ya barabara, yule mwenye koti jeusi alikuwa amesimama.

Akageuka. Akarudi polepole, kisha si polepole. Alipofika hatua tatu akasita, pua nyekundu kwa baridi, pengo la meno lile lile, na hasira ya mtu aliyelia akamaliza.

"Nilikuwa hapa tangu asubuhi," Tirza akasema. "Nimesubiri mpaka miguu ikafa. Nikajua umewachagua."

Ketura aliliacha shoka likaanguka kwenye theluji.

"Nilikuja jana," akasema.